Mlango Wazi wa Chuo cha Al-Majra

La, nani kakwambieni mlango ulikuwa umefungwa? Mlango ulikuwa wazi. Wazi khasa, umeegemezwa kiti upepo usiurudishe, na ukisimama nje unaiona meza, unaziona chupa ndogo za maji zimepangwa, na ubaridi wa kiyoyozi unakupiga magotini. Kilichowasimamisha wazee wale tangu saa tatu ya asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa si kufuli, si askari. Ni adabu. Nyinyi hii habari mmeishikia mkiani, ndo maana haieleweki. Kichwa chake kiko Ibra. Basi mmiminieni mwenzenu kahawa, tukakifuate.

Ibra yuko mzee mmoja, Hamdun, mtu wa gari la maji. Kazaliwa Unguja, mtaa wa Vikokotoni, kaja Omani kijana ndevu hazijashika, na elimu yake ni juzuu kadhaa na darasa nne za skuli. Ubao wa barabarani huusoma kwa sauti, na akiumaliza gari limeshaupita zamani. Lakini maji! Kayauza miaka na miaka, kila nyumba ya Ibra anajua tangi lake liko wapi na mwenye nyumba anajibana au anamwaga. Siku hizi kastaafu, anakaa na mwanawe Asaad, anayefanya kazi benki, na mke wa Asaad, Radhia. Huyu Radhia mtoto wa watu mzuri, ila ana kasoro moja: hajui kupika kidogo. Sufuria lake dogo kabisa linalisha harusi. Mzee Hamdun akitoka kwenda hata kwa daktari wa meno, Radhia humfungia chakula ndani ya blanketi, kama mtoto mchanga, kikawekwa nyuma ya gari. "Baba, maofisini wanaweka watu," husema. Na kweli, wanaweka.

Sasa Asaad na Radhia wana binti yao, Yaqeen. Huyu ndiye roho ya babu yake. Alipokuwa mdogo akikaa naye kwenye gari la maji, miguu haifiki chini, anauliza:

"Babu, maji inatoka wapi?"

"Kisimani."

"Na kisimani?"

"Chini ya ardhi."

"Na chini nani anatia?"

"Mola wako anatia, na wewe nyamaza nishike gia."

Hakunyamaza. Kakua na swali lile lile. Skuli kamaliza kwa alama za kupendeza, akasema anataka kusomea maji, nayo kwa karibu yanasomeshwa mahali pamoja tu, chuo kikuu cha Al-Majra, nje kidogo ya Nizwa. Viti vyake vichache. Vikajaa vyote kikabaki kimoja, na kwenye wanaokingoja kile kimoja Yaqeen alikuwa wa mwanzo, kampita wa pili kwa alama moja. Nyumbani wakaanza kumwita muhandisi. Radhia akapika.

Kumbe huko chuoni mambo mengine yanapikwa.

Mkuu wa chuo, Daktari Nadhir, mtu mwema, miwani safi, alikuwa kasafiri nchi za watu kutazama vyuo vikubwa. Huko kaona nini? Kaona kuta zimetundikwa picha za wazee wenye mashavu, na akaambiwa: huyu babu kasoma hapa, mwanawe kasoma hapa, mjukuu naye yuko hapa. Mtoto wa aliyesoma pale anatazamwa kwa jicho la huruma siku ya kuingia, kwa sababu chuo ni nyumba na yeye ni mtoto wa nyumba. Daktari Nadhir ikamuingia moyoni. Chuo chake kuta zilikuwa tupu, zina saa na kizima moto. Aliporudi akaweka sharti: mwenye baba au mama, babu au bibi aliyesoma Al-Majra, anaongezewa alama kumi.

Vizuri. Ila chuo chenyewe hakijafika umri wa kunyoa! Aliyesoma wa zamani kabisa ana mtoto mmoja, na mtoto huyo wakati ule alikuwa anajifunza kukaa bila ya kuegemezwa mito. Ikawa kile kiti cha mwisho cha maji kimewekewa mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba hajaota meno. Yaqeen akaletewa ujumbe kwenye simu: subiri.

"Nisubiri nini?" akauliza.

"Asubiriwe mtoto amalize kunyonya," akasema babaye.

Asaad akaanza kuzungumza habari za Poland. Kuna chuo huko kimeshamkubali, wanasomesha maji, miaka mitano. Mzee Hamdun aliposikia miaka mitano aliweka kikombe chini. Umri wake yeye ulikuwa hauhesabiki tena kwa mafungu ya tano tano. Akatoka akaenda kulitazama tangi la maji la nyumba, nalo lilikuwa limejaa.

Aliyeipata njia ni Radhia, yuko jikoni anapepeta mchele. "Baba," kasema, "sharti linasema babu awe kasoma pale. Halisemi asome lini."

"Wee Radhia," akasema Asaad, "unataka baba akasome chuo kikuu?"

"Si wana darasa la mwezi mmoja la wazee? La falaji, ile mifereji ya zamani, na visima? Shangazi wa jirani yetu kalisikia redioni. Baba akikubaliwa darasa lile keshakuwa mtu wa chuo. Yaqeen anakuwa mtoto wa nyumba."

"Mimi?" Mzee Hamdun akauliza. "N'kabebe mkoba?"

"Babu," Yaqeen akamshika mkono, "mi nitabeba mkoba yako."

Akaenda. Dirishani kwa waandikishaji wa chuo alimkuta binti mmoja, jina lake Shahad, bibi yake mtu wa Pemba, na Kiswahili chake cha kurithi, kimekatikakatika, lakini cha heshima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusoma."

Shahad hakucheka, Mungu amlipe. "Babu, darasa hii watu imekuwa mingi. Wazee wote wanataka. Sasa tunapokea mzee mwenye mjukuu ndani ya chuo. Mjukuu yako ameingia?"

"Bado. Ananingoja mimi niingie."

"Basi wewe utaingia akiingia yeye."

"Na yeye ataingia nikiingia mimi."

"Ndio, babu."

"Sasa nani aingie?"

Shahad akatazama karatasi yake, akaigeuza, akatazama nyuma ambako hakujaandikwa kitu. "Babu, mmefuata utaratibu vizuri sana. Kaa pale unywe maji."

Mzee akakaa pale akanywa maji. Pembeni yake walikaa wazee wengine, nao wanakunywa maji. Kila mmoja ana mjukuu nje anayemngoja yeye, na yeye yuko ndani anamngoja mjukuu. Waliharibu katoni tatu siku hiyo.

Habari ikamfikia Daktari Nadhir kwamba wazee wanaizunguka sheria yake kama ng'ombe wa kisima, na maji hayapandi. Akafikiri, akatoa neno, Shahad akapiga simu kila nyumba: Jumapili asubuhi kamati itakaa chumba cha juu kuwasaili wazee. Atakayeingia mbele ya kamati wa kwanza, huyo amekubaliwa, na mjukuu wake atapata zile kumi. Wengine wataangaliwa baadaye, inshaallah. Na nyinyi mnajua "baadaye inshaallah" inakaa umbali gani.

Jumapili Mzee Hamdun aliamka kabla ya muadhini. Kanzu nyeupe, kofia mpya, udi mpaka kwenye soksi. Asaad akashika usukani, Yaqeen nyuma pamoja na sufuria la Radhia, limefungwa blanketi la maua. Wakashika njia ya Sinaw. Yaqeen anamfundisha babu yake.

"Babu, kumbuka, ukifika usizungumza na mtu. Mlango iko wazi, ingia tu. Moja kwa moja."

"Niingie tu, kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, babu. Tafadhali. Kama hapana, mi nakwenda Poland."

Mzee akaangalia njia. Ngamia wawili walikuwa wamesimama chini ya mgunga, hawana habari ya chuo. "N'taingia kama mbuzi," akasema.

Na kweli alifika wa mwanzo! Ukumbi mtupu, mlango ule pale, wazi. Kamati haijaja, lakini Shahad yuko kwenye kiti pembeni na kalamu, tayari kuandika. Mzee Hamdun akavua viatu, akasema bismillah, akainua mguu wa kulia. Mguu uko hewani, nyuma akasikia bakora. Ko, ko, ko.

Angegeuka? Asingegeuka! Ila shingo ya mtu aliyelelewa haiulizi ruhusa. Akageuka. Ni mzee mmoja mrefu, kilemba kimekaa sawa, jambia kiunoni: Sheikh Musallam, mtu wa Al Hamra. Utotoni alikaa Pemba kwenye duka la mjomba wake, Kiswahili chake cha karafuu.

Mzee Hamdun alikusudia aseme asalamu alaikum halafu aingie. Mdomo ukasema wenyewe: "Asalamu alaikum, ya sheikh, tafadhal, tangulia."

Miaka sabini na zaidi mdomo unafunzwa kitu kimoja, utaukanya asubuhi moja?

"Aka!" kasema Sheikh Musallam. "Nikutangulie wewe? Wewe umefika mwanzo. Ingia."

"Haiwezekani. Wewe mkubwa."

"Mkubwa wapi! Ndevu zako nyeupe kuliko zangu."

"Zangu za vumbi la gari tu. Tafadhal."

"Abadan."

"Wallahi siingii kabla yako!" akasema Mzee Hamdun, na palepale Yaqeen, nyuma yake, akajifunika uso na shela.

Sheikh Musallam naye si mtu wa kushindwa kwa kiapo. Akapiga bakora chini. "Na mimi mke wangu kaachika nikiukanyaga mlango huu kabla yako!"

Khalas. Hata kalamu ya Shahad ikasita.

Kwenye ngazi akatokea mama mmoja mnene, baibui linameremeta, kikapu mkononi kinanuka papa mkavu. Huyu Bi Balqis, wa Sur, lakini kwao hasa ni Bujumbura, na katoka Sur usiku usiku. Alisikia maneno ya mwisho yale yote.

"Haki ya Mungu," akasema, "huyo mke yuko Al Hamra sasa hivi anakaanga vitunguu, hana habari ndoa yake imesimama mlangoni mwa chuo!"

"Tangulia wewe, mama," wakasema wale wawili kwa pamoja, maana waliona mlango wa kutokea.

"Mimi? Niwapite wazee wawili wa kiume, niende niseme nini Sur? Thank you sana. Nipeni kiti."

Wakaja na wengine. Wa Izki, wa Sinaw, wa Bidiya, mume na mke waliotoka Nizwa penyewe kwa miguu. Wazee kumi na kitu. Na kila aliyepanda ngazi alipanda kwa haraka, macho yamemtoka, anautaka ule mlango kama mtu anavyotaka choo, akiwaona wenzake tu anapoa, anaweka mkono kifuani: "Tafadhalini." "La, tafadhali wewe." "Wallahi wewe."

Akatokea mwenye akili mmoja, wa Bidiya, akasema: "Jamaani, mila si ipo? Wa kulia ndiye anayetangulia. Aliye kulia kabisa na aingie, tumalize."

Neno zuri. Wote wakaafiki. Halafu kila mmoja akatazama kulia kwake. Aliyekuwa kulia kabisa, mzee wa Sinaw, akaona aibu imemfika. Taratibu, kama anayetafuta upepo, akajitoa akaenda kushoto kabisa. Sasa wa kulia ni yule wa Izki. Naye akakohoa, akapita nyuma ya watu, akaenda kushoto. Halafu Bi Balqis na kikapu chake. Ikawa gurudumu. Ukumbi mzima wazee wanazunguka polepole, kanzu na mabaibui, bakora ko ko ko, kila mmoja anaikimbia kulia kama ina moto, na harufu ya papa inazunguka pamoja nao. Yaqeen anasema babu yake alimpita mara nyingi, na kila akipita anamwangalia kwa macho ya mtu aliyepanda gari asilolijua.

"Babu!" anamnong'oneza. "Ingia!"

"Zamu yangu haijafika ya kutoingia!" anajibu, anapita.

Saa tatu na nusu kamati ikaja. Daktari Nadhir na wenzake wawili, mafaili kifuani. Wakataka kupita. Mzee wa Izki akawaambia, "Tafadhali, Daktari."

Masikini Daktari. Kasoma ng'ambo, kaona vyuo vya mawe, lakini mama yake ni mtu wa Manah, na kamlea. Aangalie hizi ndevu zote, hizi bakora, kisha apite mbele? "La hasha, wazee wangu. Baada yenu."

"Baada yako wewe."

"Mimi mtoto wenu."

Akasukumwa taratibu kwenye gurudumu, naye akawa anazunguka na mafaili yake. Mafaili yanamhusu mtu, na mtu yuko nje. Chumba kina ubaridi, hakina mtu.

Adhuhuri ikaadhiniwa, Alhamdulillahi. Wakashuka msikitini. Na msikitini, mtazame mambo, hapakuwa na tabu yoyote! Imamu mbele, wanaume safu yao, wanawake safu yao, bega kwa bega, wanainama pamoja, wanakaa pamoja, wanainuka pamoja. Mzee Hamdun aliliona jambo hilo likamkaa kichwani, ila hakujua la kufanyia. Walipomaliza wakapanda tena, kila mmoja akarudi palepale alipokuwa kwenye gurudumu, maana watu waaminifu.

Ila njaa sasa imeingia, na njaa haina cheo. Tumbo la Sheikh Musallam likazungumza mbele za watu. Yaqeen akamvuta babu yake mkono wa kanzu.

"Babu, chakula ya mama bado iko kwenye gari. Utakula?"

Mzee Hamdun akasimama katikati ya gurudumu, nyuma yake wakagongana. Akamwangalia mjukuu wake. Akauangalia mlango. Nyumba ina mgeni na ina mwenyeji, sivyo? Mgeni hatangulii kuingia nyumba ya mtu, atajuaje pa kukaa? Mwenyeji ndiye anayetangulia, anaonyesha njia, anasema "karibuni." Na hapo kutangulia si ukosefu wa adabu. Hapo kutotangulia ndo ukosefu wa adabu!

"Asaad!" kaita. "Lilete sufuria!"

Asaad na Yaqeen wakalipandisha, mmoja huku mmoja huku, blanketi la maua linafuka mvuke. Mzee Hamdun akaweka mkono kifuani.

"Wazee wangu, mama zangu, Daktari. Leo nyinyi nyote wageni wangu. Chakula changu hiki, kimetoka kwangu Ibra. Niruhusuni nikuonyesheni njia."

Bi Balqis ndiye aliyefahamu wa mwanzo. "Haaa! Mzee wa Ibra huyu! Katupiga bao mchana kweupe!" Akakinyanyua kikapu chake. "Hata mimi nina papa wa Ashkhara, niko mwenyeji vilevile!"

"Papa wako bado wa kupikwa, mama," akasema mzee wa Bidiya. "Mgeni haonyeshwi njia na papa."

"Na mimi nina tende," akasema yule wa Izki kwa sauti ndogo.

"Tende zinakuja kabla ya chakula, zinaingia nyuma ya mwenyeji," wakamwamulia.

"Na kiapo chako?" akauliza Sheikh Musallam, lakini macho yake yanaomba. "Umesema wallahi huingii kabla yangu."

"Kiapo changu kina kafara. Kulisha masikini kumi. N'tawalisha Ibra Ijumaa, na Radhia hata hatojua kama kaongeza kitu sufuriani."

"Basi ingia!" Sheikh Musallam akapiga kelele. "Ingia, Mola akufanyie wepesi! Changu mimi hakina kafara, kina mke wangu, mama Ghassan!"

Mzee Hamdun akainua mguu wa kulia, akaushusha ndani. Nyuma yake Sheikh Musallam kaingia anahimidi, ndoa yake nzima, na wote wakamiminika. Nje Yaqeen karuka mpaka shela ikaanguka. Meza zikasukumwa ukutani, Yaqeen akatandika sufra, sinia zikajaa pilau, nyama juu, zabibu, pilipili ya ndimu pembeni. Babu mtu anawaza: basi, haendi Poland. Haendi.

"Mwandike," akasema Asaad kumwambia Shahad. "Babangu kaingia wa mwanzo."

Daktari Nadhir akakohoa. "Hapana budi niseme, wazee wangu. Kuingia peke yake si kitu. Ingekuwa hivyo tungempa kiti mfagiaji. Kamati inamhesabu aliyekaa mbele yake. Wa kwanza kukaa."

Mtu akisikia neno kama hilo hutafuta pa kushika. Mzee Hamdun alishika mfuniko wa sufuria. Yeye ni mwenyeji! Mwenyeji anakaa wa mwisho. Anasimama, anamimina, anasema kuleni, mpaka wageni washibe. Kaingia wa mwanzo kwa njia ambayo inamkalisha wa mwisho. Akamtazama Yaqeen, na Yaqeen keshafahamu, analinyoosha blanketi la maua ambalo halina haja ya kunyooshwa.

Sasa watu wengine wangefanya nini? Wangekaa. Pilau ile pale, kiti cha chuo kile pale, ukikunja magoti tu vyote viwili vyako. Mzee Hamdun akasema, kama anavyotakiwa kusema: "Karibuni mkae, wageni wangu."

Hakukaa mtu.

"Kaa, Sheikh Musallam."

"Umenirudishia mke wangu, kisha nikae wewe umesimama? Sikai."

"Bi Balqis, miguu yako imevimba, mama."

"Acha ivimbe. I'm standing."

Wamesimama wote duara, wanaitazama pilau, pilau inapoa. Kiyoyozi kinavuma. Mzee wa Sinaw akaanza kuteleza kwenda kushoto.

"La!" akasema Mzee Hamdun. "Tukianza tena kuzunguka tutaikanyaga nyama! Wazee wangu, msikitini tulifanyaje? Si tulikaa pamoja? Kuna aliyemtangulia mwenzake?"

"Hakuna," wakasema.

"Basi nikisema Allahu..." akajizuia, akaona hapana, pilau si sala. "Nikisema yalla, tukae. Wote. Mtu asibaki juu."

"Yalla!"

Magoti yakalia kama kuni kavu. Wakakaa wote kwa mpigo mmoja, mwenyeji na wageni, wajumbe wawili wa kamati nao wakajikuta wako chini. Katika wageni juu kabaki mmoja tu, Daktari Nadhir, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anaangalia nani wa kwanza.

"Nani kakaa wa kwanza, Shahad?" akauliza.

"Wote, Daktari. Pamoja."

"Haiwezekani."

"Nimeona na macho yangu. Hata bakora zimelala pamoja."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Wazee wanamwangalia kutoka chini, mikono wameiweka mapajani. Maana chakula hakiguswi mtu mmoja kasimama.

"Basi wote wamekubaliwa," akasema. "Wajukuu wote waongezewe kumi."

Shahad akapiga hesabu, kalamu inakwenda. Kisha akainua kichwa. "Daktari, kila mtu nimempa kumi. Sasa iko kama mwanzo."

"Kama mwanzo vipi?"

"Nani alikuwa mbele, bado yuko mbele. Kwa alama moja."

"Nani alikuwa mbele?"

"Yaqeen binti Asaad."

Daktari akazitazama kuta tupu za chumba chake, ile saa, kile kizima moto. Alitoka huku akazunguka dunia nzima, karudi na jambo kubwa, na jambo lenyewe limezunguka ukumbi mzima limerudi palepale lilipotoka. "Kiti chake," akasema. "Mwandike."

Yaqeen alikaa chini ghafla, pale pale aliposimama, kichwa begani kwa babu yake. Mzee Hamdun alichukua kijiko cha kupakulia, akaweka nyama nzuri kabisa upande wa Bi Balqis, kwa sababu mtu akifurahi haifai asahau walioshindwa.

"Usinitazame hivyo," Bi Balqis akamwambia. "Khattab wangu maji hayataki. Anataka kuuza shawarma Sur. Mimi ndo niliyetaka."

"Na wako, Sheikh Musallam?" akauliza Mzee Hamdun. "Mjukuu wako utamfanyaje?"

"Alyaa? Alyaa ana miaka mitano. Nimekuja mapema, nisije nikakuta foleni."

Yule wa Izki alinung'unika kidogo, mjukuu wake alikuwa yule wa pili, wa alama moja. Daktari akamwahidi atamtafutia mahali, na safari hii hakusema inshaallah ile ya mbali, akamwambia Shahad aandike.

"Haya, Daktari," wakasema wazee, "unatuua. Kaa!"

"Nyinyi kuleni, mimi..."

"Kaa!"

"Na darasa lenu, wazee wangu, linaanza Jumapili ijayo, saa mbili asubuhi. Mje na madaftari."

Mzee Hamdun akamgeukia mjukuu wake. "Mkoba n'nunuliwe wa rangi gani?"

"Wa buluu, babu. Yenye magurudumu."

Daktari Nadhir akatafuta pa kujipenyeza. Sheikh Musallam akasogea huku, Bi Balqis akasogeza kikapu cha papa kule, na mkuu wa chuo cha Al-Majra akakunja kanzu yake, akakunja goti moja, akakunja la pili, akakaa. Mwenyeji akasema bismillah, na mikono yote ikaingia kwenye pilau, na mpaka leo hakuna aliyeona ni upi uliotangulia.